Msimu Tulioishabikia Timu ya Makaa

Mbegu za pamba zina harufu yake, na aliyekulia karibu na kinu cha kuchambulia pamba haisahau. Ni harufu ya mafuta na vumbi, yenye utamu kidogo, na ilikuwa inaingia hadi kwenye mboga. Sisi tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa kinu pale Shinyanga, miaka michache baada ya Uhuru, na kuanzia Julai pamba ilipoanza kuletwa, kila kitu kilikuwa na manyoya meupe: nywele za baba, mkeka wa mama, hata migongo ya mbuzi. Baba alihudumia moja ya mashine za kuchambua. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mchana. Kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine. Alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, na kikundi chake kilicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ambamo vijana hurusha majembe juu na kuyadaka bila kukosa mpigo.

Kwetu Usukumani ngoma ni mashindano. Zipo pande mbili za tangu zamani, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno zinakutana uwanjani, kila moja na manju wake. Zinaanza kucheza kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Upande ukipoa wanauacha na kuvuka kwenda kwa mwenzake, na hakuna anayewalaumu, kwani kuvuka ndiko kupiga kura. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Saba Saba, yaani tarehe saba Julai, ya mwaka uliotangulia msimu ninaousimulia, watu wote walimkimbia baba wakavuka kwa Masunga, manju wa Bagalu, ambaye alikuwa mnyapara wa mafundi wa reli. Nakumbuka baba akiimba mbele ya uwanja mtupu, huku mbwa mmoja akijikuna mbele yake. Usiku ule Shija, kijana hodari kuliko wote wa kurusha jembe, alimwambia mlangoni petu, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, "Baba Minza, mwakani tukiaibika tena hivi, sisi tunahamia kwa Masunga." Minza ni mimi. Manju asiye na wachezaji ni mtu anayejiimbia tu shambani. Tangu siku ile, kila kitu nyumbani kwetu kilihusu Saba Saba ijayo.

Fundi mkuu wa kinu alikuwa mzungu kutoka Skotlandi tuliyemwita Bwana Aleki, mtu mrefu mwenye masikio mekundu. Kila Jumamosi jioni alitoa redio yake barazani, akanyoosha waya wake hadi kwenye mti wa mwarobaini, na kusikiliza matokeo ya mpira wa kwao. Wafanyakazi walikuja kukaa kwenye ngazi, na sisi watoto nyuma yao. Hatukujua Kiingereza, lakini tuliijua sauti ya msomaji. Ilipanda pale timu iliyotajwa ya pili ilipokuwa imeshinda na kushuka ilipokuwa imefungwa, kwa hiyo tulijua mambo kabla hata hajayataja mabao. Timu ya Bwana Aleki ilitoka katika mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe, nasi tukaiita Makaa. Aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia ng'ombe wake mzuri. Alituonyesha kwa vikombe vya chai jinsi winga wao alivyokuwa akipita, na kikombe kimoja kilivunjika.

Hapo ndipo baba alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu wa ngoma. Alimwangalia yule mzungu, mtu mzima mwenye akili zake, ambaye angeweza kusimama upande wowote aupendao, na bado alisimama upande wa Makaa. Basi, aliwaza, Makaa lazima iwe ndiyo yenye uwanja uliojaa, akaifanya timu yake. Msimu ulipoanza, Masunga alikuja barazani na kujitwalia ile timu kubwa ya jiji la huko Skotlandi, ambayo jina lake lilisomwa mapema kila Jumamosi. Wakabishana, na mwisho wakakubaliana mbele ya watu: msimu ukiisha, ambaye timu yake itakuwa juu ndiye atakayechagua upande wa uwanja siku ya Saba Saba. Upande mmoja ulikuwa kwenye njia ya sokoni, una kivuli mchana kutwa. Mwingine ulitazama jua, na upepo ulileta huko vumbi lote la mnada wa ng'ombe. Mwaka uliopita baba alikuwa upande wa vumbi.

Makaa ilifungwa. Ilifungwa tulipokuwa tukipanda mahindi, ikafungwa tulipokuwa tukipalilia. Sauti ya msomaji ilitupa habari mbaya Jumamosi baada ya Jumamosi, na Masunga alikuwa akipiga makofi kabla ya mabao kutajwa. Mara moja tu hatukufungwa, na ilikuwa siku ambayo Makaa ingekutana na timu ya Masunga. Bwana Aleki alitueleza kwamba uwanja umeganda kwa baridi, umekuwa mgumu kama sakafu, na mechi imeahirishwa. Kwanza hakuna aliyemwamini. Kisha Masunga akasimama.

"Baba Minza, umetoa nini kwa mganga wako mpaka unagandisha viwanja vya Ulaya?"

"Ningekuwa na dawa hiyo," baba akajibu, "ningeanza na mdomo wako."

Ngazi nzima ilicheka, na Masunga mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Lakini niliona siku zilizofuata kwamba watu wa reli walimsalimia baba kwa uangalifu kidogo.

Barafu iliyeyuka, mechi ikachezwa, tukafungwa. Msimu ulipoisha Makaa ilikuwa chini ya zote, na ilikuwa inashushwa daraja. Jioni ile wengine walipoondoka baba alibaki, nami nikabaki kwa sababu nilikuwa nimeshika taa yetu. Alimuuliza Bwana Aleki kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa, kwa nini hakuvuka zamani.

"Kuvuka kwenda wapi?" Kiswahili chake kilikuwa kigumu, lakini kilieleweka. "Baba yangu alisimama pale. Babu pia. Timu inashinda, tunakwenda nyumbani. Inashindwa, tunakwenda nyumbani. Jumamosi nyingine tunarudi."

"Hata mkiwa wachache?"

"Wachache, basi tunapiga kelele zaidi."

 Nyumbani baba hakugusa ugali. Mama alimuuliza kama anaumwa, akamjibu, "Niache kidogo, nina wimbo."

Saba Saba ilifika. Masunga alichagua kivuli, na sisi tukaenda juani. Tangu mwanzo watu walielekea kwake, na vumbi la mnadani likaanza kutuingia machoni. Nilimtazama Shija, maana wote tulikuwa tukimtazama yeye. Baba hakuimba majigambo kama mamanju wanavyofanya. Aliimba kwa Kisukuma habari za timu ya wachimba makaa wanaofungwa mvua na kiangazi, na mtu mwenye masikio mekundu anayesimama palepale na kuwaita kwa majina. Nanyi mnaovuka, aliimba, vukeni salama, kivuli ni kizuri, sisi tuna kazi hapa. Mabibi kadhaa waliokuwa wameanza kuondoka walisimama, wakaangua kicheko, wakarudi wakipiga vigelegele. Bwana Aleki alikuja na kiti chake, akakiweka kwenye jua lote. Na Shija akarusha jembe juu kiasi kwamba mama alinivuta nyuma.

Tulishindwa. Nasema wazi, kwa sababu nimewasikia wadogo zangu wakisimulia vingine. Jua lilipozama Masunga alikuwa na umati, sisi tulikuwa na mabibi, watoto, na mzungu aliyeiva kama nyanya. Wachezaji walirudi nasi wakiwa weupe kwa vumbi. Mama aliwapa maji, wakanywa, na baba alikaa kwenye kinu cha kutwangia bila kumtazama yeyote. Shija akarudisha kata mtungini, akafuta mdomo.

"Baba Minza," akasema, "mazoezi tunaanza lini?"

Baada ya kidato cha nne sikukaa mahali pamoja. Dhahabu ilipovuma Bugarama nilikuwa Bugarama nikiuza chai, ilipopoa nilikwenda Geita, na sasa nipo Runzewe mpaka nitakaposikia imevuma pengine. Siwalaumu wanaohama: kambi ya wachimbaji huhama yote kwa uvumi wa asubuhi moja, na mimi huwa wa kwanza kufunga masufuria. Nimeishi vizuri hivyo. Ila sijaona tena watu wakishindwa mchana kweupe kisha wakauliza siku ya mazoezi. Jirani yangu hapa ni kibanda cha kuonyesha mpira wa Ulaya, na vijana huja na jezi mpya kila timu mpya inapotwaa kombe. Juzi mmoja wao, akingoja chai kwenye benchi langu, aliniuliza, "Shikamoo mama. Na wewe una timu?"

"Marahaba. Ninayo."

"Inashinda?"

Nilimwambia imekuwa ikifungwa tangu nikiwa mtoto. Akanitazama kwa huruma kubwa, kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi.