Gari la marehemu baba limeoza upande wa abiria tu. Nilitaka kulifufua, mama akanipiga alama ya kosa

Wakuu, salaam. Mlio kazini mnaojifanya mna kazi, mlio vijiweni, mlio nyumbani mmejifungia chooni na simu, wote nawasalimu.

Najua humu kila uzi mrefu unaitwa chai. Huu siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi, maana humu ndani nitaonekana mjinga kama mara tatu hivi, na ndivyo ilivyokuwa.

Halafu angalizo. Nitaandika gari LA baba, si gari YA baba. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nusu ya watu wazima wa Bagamoyo kawachapa viboko yeye. Atakayeandika "gari yangu" kwenye comments, shauri yake.

Twende.

Baadhi yenu mtakumbuka niliwahi kuweka humu picha za gari la marehemu baba nikaomba ushauri: niliendeshe hivi hivi lilivyo, au nilivue lote nilifanyie restoration ya maana?

Ni lile la Kijapani la milango miwili, la miaka ya sabini, boneti refu, lenyewe limekaa chini kama limechuchumaa. Jina silitaji maana mtaacha kusoma muanze kubishana injini, nawajua.

Wengi wenu mlisema fufua. Mdau mmoja akaandika kabisa kwamba kuliendesha gari kama lile na kutu yake ni kumvunjia marehemu heshima. Ile kauli iliniingia.

Baba alikuwa dereva wa malori. Wiki nzima yuko barabarani, Msata, Segera na kwingine huko. Hilo gari alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mimi hata shule sijaanza. Lilikuwa anasa yake pekee. Sigara havuti, mke wa pili hana, ana gari.

Na alikuwa na sheria. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuingia na mchanga. Unakaa kwenye kiti miguu iko nje, unagonganisha nyayo, unafutwa na tambara, ndipo unaingiza mguu mmoja mmoja. Punje ikionekana kwenye zulia, mwenye punje atatafutwa mpaka apatikane. Mimi nimewahi kurudi nyumbani kwa miguu kutoka sokoni kwa sababu ya punje.

Ikumbukeni hiyo sheria, itarudi.

Miaka ya mwisho macho yalimpungua, akaacha kuendesha. Lakini kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anafunua turubai pale uani, analiwasha. Linakohoa weee, halafu linashika. Analiacha lingurume kidogo, analizima. "Haya, limepumua," anasema, ndipo anaingia ndani kula.

Kisha baba akatutoka. Mungu amrehemu.

Mama akaingia eda. Kwa msiojua, kwetu mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Dada yangu mkubwa akahamia pale kumhudumia, na mimi nikawa nakwenda kila siku kumjulia hali.

Mama hakulia mazishini. Hakulia na baada ya hapo. Alikuwa anajibu salamu, anaswali, anakula mnachompa. Lakini mtu aliyekuwa anaweza kukusahihisha Kiswahili hata akiwa na homa, alinyamaza kabisa. Nilikuwa nakosea makusudi mbele yake nione kama atanirudi. Hanirudi.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi nililiwasha gari. Msidhani nilikuwa na hisia zozote, niliogopa betri isife. Nikaendelea hivyo kila Ijumaa, nikitoka msikitini napitia pale, nawasha, likipumua nazima.

Karibu Ijumaa ya kumi hivi ndipo nikapata wazo, nikaja kwenu, mkasema fufua.

Nikamleta fundi mmoja wa bodi wa kule Zinga aje alione. Nitamwita Sefu, siyo jina lake. Ni rika langu, si mwongeaji, na bati analishika kwa vidole kama mshona nguo anavyopima kitambaa. Alilizunguka gari mara mbili. Akalala chini yake. Alipotoka macho yalikuwa yanamng'aa.

"Kaka, hili si la kupaka puti ukalidanganya," akaniambia. "Hili livuliwe lote libaki bati tupu. Nipe miaka miwili, nitakurudishia lilivyotoka kiwandani."

"Miwili yote?"

"Haraka ya nini? Mwenyewe keshatangulia."

Nikaona ana hoja. Nikaamua iwe surprise kwa mama. Jumatano moja mchana, mama amejilaza, tukalisukuma kwa mikono mpaka barabarani, wala injini hatukuwasha, tukalifunga kamba likavutwa mpaka Zinga. Nilijisikia mtoto mwema kuliko wote Mkoa wa Pwani.

Ijumaa ikafika. Nikatoka msikitini, nikapita uani pale pako wazi, nikaingia kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akanitazama. "Idi, leo gari mbona halijakohoa?"

Wakuu, sikujua kama anasikia. Sikujua kama anasikiliza.

Nikatupa jicho ukutani ilipo kalenda yake. Kila Ijumaa tangu alipoingia eda ilikuwa na vema ya kalamu nyekundu, ile vema ya mwalimu yenye mkia mrefu. Kumbe ndivyo alivyokuwa anahesabu siku zake. Gari likikohoa, anaweka vema, Ijumaa moja imetoka.

Na ile ya leo alikuwa ameshaiwekea alama ya kosa.

"Mmeliuza?" akauliza.

"Hatujaliuza mama. Lipo gereji. Nataka liwe jipya kabisa, ulione."

"Litarudi lini?"

"Kama miaka miwili hivi."

Akazikunja kingo za ukaya wake wa kichwani taratibu. Halafu akasema, "Haya baba. Likiisha, mje mnisimulie hapo kaburini namna linavyong'aa."

Na mama yangu akalia. Hakupiga kelele, machozi tu, yanashuka yenyewe. Yale ambayo hayakutoka mazishini yalitoka siku hiyo, na aliyeyatoa ni mimi na surprise yangu.



Kesho yake asubuhi na mapema niko Zinga. Nimemkuta Sefu ameshang'oa viti na zulia, amechora kwa chaki sehemu zote za kukata. Upande wa dereva, mstari mmoja mdogo. Upande wa abiria chaki imejaa, sakafu yote, ukingo wa chini wa mlango, mpaka mlango wenyewe. Kwenye matundu unaona ardhi.

"Mbona upande mmoja tu?" nikamuuliza.

"Hata mimi nimejiuliza tangu jana," akasema. "Mvua ingekula pande zote. Hii ni chumvi, kaka. Abiria wa gari hili alikuwa anaingia na maji ya bahari, miaka na miaka."

Nikamwambia haiwezekani. Humjui mzee wangu, mtu wa punje za mchanga yule. Hakuna binadamu aliyewahi kuingia humo na mguu mbichi akabaki salama.

Sefu akainua mabega. "Bati halisemi uongo."

Nikarudi kwa mama na swali hilo. Nilitaka tu kupata la kuongea naye, maana tangu jana hatukuwa tunatazamana vizuri. Nikamwambia fundi anasema sakafu ya abiria imeliwa na maji ya bahari, sasa nani huyo aliyekuwa anamfanyia baba ufedhuli ule?

Mama akacheka.

Alicheka mpaka akafunika uso kwa ukaya. Dada akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna jambo.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi huyo."

Akatueleza. Baba akirudi safari alikuwa anamchukua jioni, wawili tu, sisi tumeachwa kwa jirani, wanakwenda ufukweni Mlingotini. Mama kuogelea hajui mpaka leo. Anapandisha nguo, anaingia majini mpaka magotini, anatembea tu huku na huku. Baba anamngoja garini. Na mara ya kwanza kabisa mama anarudi, kanga inachuruzika, akasimama mlangoni akatafuta tambara ajifute.

"Baba yenu akaniambia, 'Panda hivyo hivyo.' Nikamwambia gari lako litaoza. Akasema, 'Wewe panda.' Basi ikawa ndiyo mtindo wetu. Sikufuta mguu hata siku moja."

Wakuu, mimi nilirudishwa kwa miguu kutoka sokoni.

Lakini niwaambie ukweli, sikuwa na wivu. Nilikaa pale nikamwona baba kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Sikumbuki kumsikia akimwambia mama neno tamu mbele yetu, wala kumshika mkono. Kumbe alikuwa analisema kila wiki, na chumvi inaandika.

Nikarudi kwa Sefu mara ya tatu. Nikamwambia usivue kitu, nataka gari litembee kabla mama hajatoka eda. Zimebaki wiki chache.

Alikasirika. Hakunitukana lakini alitupa tambara chini. Alikuwa ameshaliota lile gari, na mimi namwelewa. Akasema kwa sakafu ile mtu akikanyaga vibaya mguu unagusa lami, na yeye hawezi kumtoa mtu gerejini kwake akiwa hivyo. Tukabishana mpaka tukafika hapa: breki zote mpya, matairi mapya, sakafu ya abiria aikate na kuchomelea bati jipya nene, ukingo autie nguvu. Rangi na mlango viachwe na kutu yake.

Hapo na mimi nikaleta ujinga wangu wa mwisho. Nikataka lile bati bovu la zamani nilitunze, nilitundike hata ukutani. Nikampelekea mama habari hiyo kwa sauti ya upole.

Akanitazama vile alivyokuwa anawatazama wanafunzi wa nyuma. "Kutu ni kutu, mwanangu. Itupe. Mimi nataka kwenda baharini."

Basi bati likatupwa.

Gari likarudi uani Alhamisi iliyofuata. Ijumaa nikaliwasha, likakohoa vile vile, Sefu alilisafisha kabureta lakini kikohozi hakikwisha. Nilipoingia ndani vema ilikuwa ishawekwa, wino bado mbichi. Ile alama ya kosa ya nyuma hakuifuta. Ipo mpaka leo.

Siku ya kutoka eda shangazi zangu walikuja, mama akaoga, dua ikasomwa, watu wakala. Alasiri wageni walipopungua mama akatoka uani amevaa baibui lake, mkoba mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria akasimama. Hakuniomba. Nikakimbilia funguo.

Kuingia ilikuwa kazi, gari liko chini na magoti yake si yale. Alishuka kwenye kiti kwa mafungu, anacheka. Tulipotoka barabara kuu bodaboda mmoja akatukaribia dirishani, "Mama, linauzwa hilo?" Mama akamjibu, "Mwanangu, hata wewe huuzwi." Bodaboda akabaki nyuma anatafakari.

Mlingotini nikaegesha kwenye mchanga mgumu. Mama akavua viatu akaviacha mchangani, akapandisha nguo, akaenda. Maji yalikuwa yamejaa kiasi. Alitembea huku na huku, mpaka magotini, peke yake, kwa muda mrefu. Mara moja aliinama akanawa uso. Sikumfuata. Niliona hayo mazungumzo hayanihusu.

Sasa wakuu, kuna kitu sijawaambia. Asubuhi ile kabla ya kutoka nilitandika nailoni juu ya sakafu mpya. Nailoni nzito, nimeikata vizuri, nikaweka na taulo. Bati jipya, kazi ya Sefu, nilikuwa nalionea huruma.

Mama akarudi. Kanga ya ndani inachuruzika, nyayo zimejaa mchanga. Akafungua mlango akaiona nailoni. Akaliona na taulo.

Hakupanda. Alisimama pale nje, mkono kwenye mlango, kama mtoto.

"Nifute?" akaniuliza.

Nikateremka. Nikazunguka, nikaivuta ile nailoni yote nikaitupa kiti cha nyuma pamoja na taulo lake.

"Panda hivyo hivyo, mama."

Akapanda. Maji yakawa yanacheza chini ya miguu yake mpaka tunakaribia nyumbani. Hapo akasema, "Baba yako alikuwa anaendesha taratibu zaidi." Nikapunguza mwendo.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo tu. Nilikuwa nahangaika kumheshimu marehemu, na marehemu hana haraka. Mwenye Ijumaa za kuhesabu alikuwa chumba cha pili, anasikiliza ukutani. Kabla hujavua gari la mzee wako bati bati, muulize aliyekuwa anakaa kiti cha pembeni.

Mliosema fufua sina kinyongo nanyi, na mimi nilikubali. Mkitaka kunipiga mawe karibuni. Ila napenda zaidi mniambie, kwenu kuna kitu gani kibovu ambacho mkikitengeneza kuna mtu atalia?

Siku hizi Ijumaa hatuliwashi tu, tunakwenda. Wiki iliyopita Sefu alipita nyumbani akafungua mlango wa abiria, akainama, akaniita. Kwenye lile bati jipya kumetokea doa la kutu, dogo, saizi ya kisigino.

"Nije kesho nilikwangue nipige rangi?" akauliza.

Nikamwambia liache.