Kichwa Hakisukwi Nusu

Ni saa tatu asubuhi na birika linatokota pembeni. Msusi amesimama nyuma ya kiti cha plastiki, kitana amekiuma menoni, vidole vyake vimezama katika nywele za mwalimu aliyeomba ruhusa ya nusu siku. Simu inalia mara moja juu ya rafu, kati ya kopo la mafuta na mafungu ya rasta. Haitazami.

"Itazame basi, huenda ni mchumba," mwalimu anamtania.

"Ni mchumba wa mwisho wa mwezi," anajibu bila kuachia msuko. "Huyo akishafika haondoki. Nitamwona mchana."

Ujumbe ni wa benki. Ni mara ya tatu mfululizo unaingia: elfu arobaini, matunzo ya bintiye wa miaka kumi na miwili, zilizokatwa moja kwa moja kwenye mshahara wa baba wa mtoto. Kabla ya hapo mama huyu alikaa karibu miaka minne bila kuona hata senti.

Wateja humwita Vidole. Chumba chake cha kazi kina viti viwili, kioo chenye ufa, na pazia ambalo nyuma yake binti hufanyia kazi za shule. Siku njema hubaki na elfu kumi na tano. Siku mbaya hubaki na mgongo unaouma.

Yeye na mwenzake walipoachana, ofisi ya ustawi wa jamii iliwaita na mwanamume akakubali kutoa elfu arobaini kila mwezi. Alitoa mara mbili. Kisha akahama, akabadilisha namba ya simu, na kila alipopatikana alisema ni kibarua, leo yupo kazini, kesho hayupo.

"Ukimdai mtu asiye na ofisi ni kama kukamua jiwe," anasema Vidole. "Nilikwenda pale ustawi mpaka mlinzi akawa ananiuliza habari za mtoto kabla sijaketi."

Jiwe lilitoa maji mwaka huu, na liliyatolea hapa hapa kitini.

Siku moja aliingia mteja mgeni, mwanamke mdogo, mchangamfu, akataka rasta ndogondogo. Hiyo ni kazi ya kutwa nzima, na mtu hawezi kukaa kutwa nzima akanyamaza. Kufikia adhuhuri upande wa kulia ulikuwa umekwisha, umelala vizuri. Wa kushoto ulikuwa umefumuliwa na kuchambuliwa, umesimama wima kama umeona jambo.

"Nisuke nipendeze, dada," mteja alisema. "Jumamosi kiwandani kwa mume wangu wana sherehe ya wafanyakazi." Akainua simu juu ya bega ili msusi aone picha. "Huyu hapa shemeji yako. Mwaka wa tatu huu anaendesha lori la mikate. Mshahara unaingia benki, si wa kukimbizana na mtu."

Vidole akatazama. Kando ya lori, katika sare ya kiwanda, alisimama baba wa mwanawe.

Wasusi wana mwiko wao: neno la kitini hubaki kitini. Mteja akilia, akimsema mumewe, akitaja deni la mama mkwe, msusi hulisuka na nywele na kulifunga. Anayelitoa nje hufilisika, kwa kuwa hakuna mwanamke atakayempa tena kichwa chake.

"Nilisuka mistari mitatu bila kusema," anakumbuka. "Nilijua sasa anafanya kazi wapi. Ningeweza kumaliza, nikachukua pesa yangu, kesho nikaamkia ustawi. Lakini hilo ni wizi. Halafu nikamwona mwanangu anachungulia pazia, viatu vyake vimekatwa mbele ili vidole vipate pa kutokea."

Akaweka kitana chini. "Dada, nina neno. Nikishalisema, ukitaka kuondoka, ondoka."

"Niondoke na kichwa hiki?"

"Huyo si shemeji yangu. Ni baba wa mwanangu."

Mteja alisimama, shuka la kazi likiwa bado shingoni. Akajiona kwenye kioo, nusu bibi harusi, nusu kichaka. Kwenye kiti cha pili mama mmoja mzee, muuza vitambaa, alikuwa akisubiri zamu yake.

"Kaa, mwanangu," akasema mama yule. "Ukitoka hivyo, watu watauliza nani kakufukuza."

Akakaa. Vidole akaendelea kusuka. Mstari wa pili ulipokwisha, mteja akauliza.

"Kwamba ana mtoto najua. Sasa kwa nini unanieleza mimi? Si anakutumia kila mwezi?"

"Anatuma nini?"

"Elfu arobaini. Kila mwisho wa mwezi anazitoa, anazitenga mbele yangu, ananiambia hii ni haki ya mtoto, tusiiguse. Nimefunga mkanda kwa ajili hiyo. Nina mtoto mchanga, nikaacha kumnunulia maziwa ya dukani."

"Hazijawahi kufika hapa."

Muuza vitambaa akaguna. "Basi huyo bwana ana mtoto wa tatu, na huyo ni mtu mzima anayevaa sketi."

Hakuna aliyecheka. Zilikokwenda pesa zile, mwenyewe ndiye ajuaye. Mwandishi wa makala haya alipompigia simu alisema tu, "Mshahara wangu unakatwa. Mnataka nini tena?"

Kisha mteja akauliza mtoto ana miaka mingapi, anafanana na nani.

"Kumi na miwili. Masikio ni ya baba yake."

"Wangu pia," akasema mteja, polepole.

Kazi ilikwisha jioni. Vidole akaleta birika, maana ncha za rasta hutiwa katika maji ya moto zisifumuke. Mteja akashika shingo kwa mikono miwili.

"Usiniunguze, dada."

"Ningetaka kukutenda ubaya, ningekuacha nusu."

Hapo ndipo walipocheka. Mteja alilipa bei kamili, na msusi akaipokea yote, kwa kuwa kazi ni kazi. Mlangoni mteja akageuka. "Jumatatu twende wote huko ustawi. Jina la kiwanda nitalitaja mimi, kwa mdomo wangu. Wewe usije ukaambiwa umetoa neno la kitini."

Walikwenda. Afisa ustawi aliyeshughulikia shauri anasema mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. "Tatizo halikuwa sheria, tatizo lilikuwa kumpata mtu na mwajiri wake. Tulipojua alipo, mahakama iliamuru akatwe kwenye mshahara."

Sasa yamebaki malimbikizo ya karibu miaka minne. Baba wa mtoto ameomba yasamehewe, aanze upya. Shauri litasikilizwa wiki ijayo, na Vidole ataulizwa kama anasamehe. Ndugu zake wenyewe wanamshauri aridhike na alichopata, asije akakosa mwana na maji ya moto.

Amelifikiria hilo, na mtoto mchanga wa yule mteja pia amemfikiria. "Yule naye anakula. Sitaki baba yake akatwe mpaka wale hewa," anasema. "Nitaomba alipe kidogokidogo, hata miaka kumi. Lakini alipe." Hesabu yake ni moja: mwakani binti anaingia sekondari, na pesa hizo ndizo za sare, vitabu na viatu visivyokatwa mbele.

Mchana umefika. Upande mmoja wa kichwa cha mwalimu umekwisha, naye anatazama saa. Ruhusa yake inaelekea ukingoni.

"Vidole, huu wa kushoto si tuufunge na kitambaa, nije kesho?"

Msusi anamkandamiza bega arudi kitini. "Kichwa hakisukwi nusu, mwalimu," anasema, na kuuma kitana. "Wiki ijayo ndivyo nitakavyomwambia hakimu."