Mnyoo wa Fisi Maji Tumboni mwa Tak Jong-dae

Tak Jong-dae alikuwa mkulima wa chai, miaka sitini na kitu, mtu mpole asiye na makuu, na starehe yake duniani ilikuwa moja tu: samaki mbichi. Si samaki yeyote. Ni euneo, yule mdogo wa kijitoni ambaye ukimtoa majini ananukia tikiti maji. Unamkata vipande palepale, unamchovya kwenye mchuzi wa pilipili na siki, unamviringisha kwenye jani, unamsukuma na soju, pombe yao kali. Ukimwambia Jong-dae amchemshe, anakutazama kama umemtukania mama.

Kiangazi chote yeye na wenzake sita walikuwa na kijiwe chao chini ya daraja la Beodeulgol, suruali zimekunjwa, miguu majini, chupa zinapoa kati ya mawe. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Nyumbani alikuwa mume wa Ok-hwa.

Shida ni kwamba samaki wale wana minyoo, vidudu vidogo vinavyohamia tumboni mwa mlaji na kujenga. Mwaka uliopita watu wa afya walimpima choo wakawakuta. Ok-hwa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Jong-dae.

"Baba Hae-jin," alisema huku akimenya vitunguu saumu, "mwakani wakikukuta na mnyoo, hata mmoja, hata kilema, mbichi basi. Tutakula wa kuchemsha mpaka tuzikwe."

"Hata kilema?"

"Hata kama amefiwa."

Mwaka ukafika, na ukafika na Daktari Yeom. Huyu alikuwa mwanamke wa chuo kikuu cha mjini, mwembamba, viatu vya mpira mpaka mapajani, anafuatwa na kundi la wanafunzi. Walikuja kuchunguza minyoo ya wanyama wa porini, afya ya kijito, na virusi vya tumbo vinavyohama kati ya mnyama, maji na mtu. Kutwa nzima wanafunzi walikuwa wanageuza mawe kutafuta wadudu, kwa sababu kuna wadudu ambao maji yakichafuka kidogo tu wanakufa wa kwanza. Wengine walizunguka na vijiko wakikusanya mavi ya fisi maji, wale wanyama wala samaki wa kijitoni, juu ya miamba. Jong-dae alimwona binti mmoja akichota, akinusa, kisha akapiga kelele kwa furaha, "Ya leo haya!" Wazazi wake wamelipa ada.

Halafu Daktari akagawa vikopo kwa kijiwe cha darajani. Kila mzee alete choo chake kesho asubuhi.

Sasa, kizazi cha Jong-dae si cha kupewa kikopo na kuaminiwa. Enzi zao shuleni kila mtoto alipeleka choo kwenye mfuko, na mwalimu akasoma majina ya wenye minyoo mbele ya darasa zima, wakamezeshwa dawa huku wenzao wanacheka mpaka wanaanguka. Mtoto yeyote mwenye akili alijua njia ya kukwepa aibu ile. Njia ilikuwa na miguu minne na mkia.

Kwa hiyo alfajiri Jong-dae alishika kijiti, akaenda nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo Meoru, mbwa wake mweusi, alijisaidia kila siku bila kukosa. Akachota, akafunga kifuniko, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri. Akanawa mikono akipiga mluzi.

Majibu yalipotoka, Daktari Yeom aliwaita wazee wote saba kwenye ukumbi wa kijiji. Wake zao hawakuitwa. Walikuja wote.

"Wazee wangu," Daktari alianza, "nyote saba mna mnyoo. Ni mnyoo mmoja, wa aina ileile. Na huyu sisi tumemkuta kwa fisi maji tu. Katika binadamu sijawahi kusikia. Nyinyi ndio wa kwanza."

Bang Chil-bok, mwenyekiti wa kijiji na mkubwa wa kijiwe, alifuta uso kwa kofia yake.

"Wa kwanza hapa wilayani?" aliuliza.

"Wa kwanza popote, Mwenyekiti."

"Hongereni," alisema Ok-hwa.

"Na kuna virusi vya tumbo pia," Daktari aliendelea. "Tumeviona ila bado hatujavitambua, maabara wanaendelea. Kinachonichanganya ni kijito chenyewe. Wadudu wa maji safi wamejaa, fisi maji wamenenepa, maji ni mazima kabisa. Wagonjwa ni nyinyi tu. Kwa hiyo mpaka nijue mnapata wapi, nitaomba kijito kifungwe. Hakuna kuvua kiangazi chote."

Sasa mtazame Jong-dae, uone jinsi kichwa cha mwenye kosa kinavyofanya kazi. Mtu wa kawaida angecheka. Yeye alipiga hesabu: mimi nimedanganya, lakini hawa sita ni wakweli. Hawa sita wanaumwa. Mimi nakula nao sahani moja. Basi na mimi ninao! Na wangu hata hawajapimwa!

Usiku ule alisikia kitu kinatembea tumboni. Kilikuwa kabichi.

Siku zilizofuata Ok-hwa alianza kuosha bakuli la mumewe kando, kwa maji ya moto, akilishika kwa ncha za vidole. Jong-dae akakimbilia darajani. Alimkuta Chil-bok amekaa pale kama mfiwa, miguu iko nje ya maji.

"Kaka Chil-bok, unajisikiaje?"

"Mimi? Mimi mzima. Wewe ndiye umekonda."

"Nimekonda?"

"Macho yameingia ndani. Hujioni?"

"Na wewe kaka ngozi imekuwa ya njano."

"Ya njano wapi?"

"Hapo shingoni."

Walitazamana kwa huruma kubwa, kila mmoja akimlilia mwenzake anayeumwa kweli. Wakarudi makwao wakiwa wagonjwa kuliko walivyokuja.

Kisha wakaja watu wa wilaya na kibao. Kibao kikubwa, maandishi mekundu: MARUFUKU KUVUA. Daktari Yeom alikuwepo, kijiji kizima kilikuwepo, na kijana wa wilaya alikuwa ameshachimba shimo pale darajani, penye jiwe la Jong-dae, lile alilolikalia mpaka likapata umbo la makalio yake. Nyundo ikapanda juu.

"Subiri!" Jong-dae alipiga kelele. Nyundo ikasimama. Alimtazama mke wake, akatazama maji, akafumba macho. "Daktari, kile choo si changu."

"Si chako? Ni cha nani?"

"Cha Meoru."

"Meoru ni nani, Baba? Tumwite tumpime."

"Ni mbwa."

Ok-hwa alivuta pumzi ndefu ya mtu anayejaza hewa ya kutosha maneno mengi. Lakini kabla hajafungua kinywa, Chil-bok alisogea mbele.

"Meoru?" aliuliza taratibu. "Wa nyuma ya banda la kuku?"

"Ndiyo, kaka. Umejuaje kama ni nyuma ya..."

Chil-bok akatazama viatu vyake. Wazee wengine watano nao wakagundua kwamba viatu vyao vinapendeza sana.

"Kaka Chil-bok! Mwenyekiti mzima!"

"Sasa ningefanyaje? Kwangu nina paka tu, na paka anafukia! Na nilipofika nikakuta kimeshachotwa juu, nikadhani ni kuku."

"Ulikuta kimechotwa juu tu?" alidakia wa tatu. "Mimi nilikuta nusu. Nikasema maskini, huyu mbwa hawampi chakula."

"Angalau nyie mlikuta," alisema wa mwisho kwa uchungu. "Mimi kikopo changu kilikuwa majani matupu. Nilikwangua."

Wake zao walianza kucheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekasirika. Daktari Yeom aliketi juu ya kibao kilichokuwa bado chini.

"Kwa hiyo," alisema, "nina mgonjwa mmoja."

"Ndiyo, Daktari."

"Na vile virusi visivyotambulika, maabara walikuwa wanavitafuta kwenye virusi vya watu." Alijipiga paji la uso. "Ni vya mbwa! Mbwa wenu huyo anakula wapi?"

"Popote," alisema Ok-hwa. "Mwenye nyumba anampa mfano."

Basi wakamfuata Meoru, daktari mbele, wanafunzi nyuma, kijiji kizima mkiani. Mbwa alipanda kijito mpaka kwenye miamba ya fisi maji, akatafuna kichwa cha samaki walichoacha, akalamba na visivyosemeka. Daktari Yeom alifurahi mpaka akamkumbatia. Mnyoo wa fisi maji ndani ya mbwa nayo ilikuwa habari kubwa, na haikuhitaji kufunga maji ya mtu. Kibao kikapandishwa kwenye gari, kikaondoka.

Ila kabla hajaondoka, Daktari alitoa vikopo vipya saba. Hakuwapa wazee. Aliwapa wake zao.

Asubuhi iliyofuata Ok-hwa alisimama nje ya mlango wa choo, mikono kiunoni.

"Baba Hae-jin, mbona kimya?"

"Mtu akisimamiwa hivi anaweza?"

"Meoru anaweza."

Majibu ya safari hii yalikuwa ya kwake mwenyewe, na yalikuwa mengi. Mnyoo wa fisi maji hakuwemo. Waliokuwemo ni walewale wa samaki, wa kila mwaka, wamenona. Jong-dae akameza dawa mbele ya mke wake, akafungua kinywa, akainua ulimi, akakaguliwa.

Kijito kilibaki wazi. Kiangazi kilipofika wazee saba walirudi majini na suruali zao zilizokunjwa, wakavua vizuri kuliko mwaka wowote. Lakini jioni kila mmoja alibeba kikapu chake kwenda nyumbani, mke akachemshe. Jong-dae alikaa jikoni, mkono umeshika shavu, akitazama sufuria ikifoka mvuke. Ile harufu ya tikiti maji ilikuwa imeshapotea zamani.

"Mama Hae-jin, ameiva huyo."

Ok-hwa alifunua, akachungulia, akaongeza maji.

"Bado," alisema.