Lori Lililogeuka Kinyume Kwenye Kona

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chumba cha kompyuta cha chuo kidogo hapa Thika. Mimi na Njeri, mwanafunzi mwenzangu kutoka Ngoliba, tulikuwa tumetengeneza programu ya kufundishia madereva wa malori ya mawe. Wageni kutoka kampuni moja ya Ruiru walikuwa wanakuja kuiona, na wangemwajiri mmoja wetu. Darasa zima lilijua nafasi hiyo ataipata Njeri. Baba yake alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na nyumbani walikuwa wanamtazamia yeye.

Tuligawana. Njeri alishika programu ya kukokotoa mwendo: uzito wa lori, kasi yake, jinsi linavyokata kona. Mimi nilishika ile ya kuchora kwenye skrini. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa na watu wengine ambao hawakuwahi kuonana, na kazi yetu ilikuwa kuzifanya zielewane. Mahali lilipo lori na upande linakoelekea huandikwa kwa namba kumi na sita, nne kwa nne, tunaita matriksi. Programu ya Njeri ilizipanga namba hizo kwa kulala, safu baada ya safu. Yangu ilizisoma kwa kusimama, kutoka juu kwenda chini. Hakuna iliyokosea. Lakini ukizipokea bila kuzigeuza, lori linapotea mahali pake, na kila kona inakuwa kinyume.

Sikujua hayo na sikuuliza. Nilikuwa na kiburi cha kijana aliyegusa kompyuta mwaka mmoja kabla ya wenzake. Lori lilipopotea kwenye skrini, nilibahatisha hiki na kile mpaka nikaona kwamba nikihamisha namba tatu kwa mkono, linarudi. Nikaliendesha kwenye barabara iliyonyooka, likaenda vizuri sana. Kona sikujaribu. Nilikwenda zangu kula.

Mchana huo Njeri alinifuata.

"Kamau, hizi namba zangu unazichukua vile ziko ama unazigeuza kwanza?"

"Wacha wasiwasi. Kwangu iko sawa."

"Ni vile nilitaka tuangalie pamoja."

"Nimekuambia iko sawa, Njeri."

Kesho yake wageni walifika. Lori lilitembea, na mmoja wao hata akatabasamu. Kisha mzee mmoja kati yao, aliyewahi kuwa dereva, akaomba kuona kona. Njeri akalipeleka kushoto. Lori likasogea kushoto huku pua yake ikitazama kulia, likaenda kiubavu mpaka likatoka barabarani.

"Sasa hii ndiyo nitaonyesha madereva?" mzee akauliza. "Hesabu za mwendo ni za nani?"

"Ni zangu," Njeri akasema.

Mwanangu, nilijua. Pale pale nilikumbuka swali lake la jana, nikajua kosa liko kwangu. Njeri alinigeukia, wala si kwa hasira, alitaka tu nimsaidie kueleza. Nikainama nikatazama kibodi. Aibu ya dakika ile bado ninayo.

Kazi nilipewa mimi. Wiki ya kwanza nililirekebisha lile kosa kwa mstari mmoja, wakanisifu. Njeri hakumaliza muhula. Alirudi Ngoliba kulima nyanya. Kila wiki nilijiambia nitaenda kumweleza, na miaka miwili ikapita hivyo hivyo.

Nilipokwenda hatimaye, nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni kwao. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliingia ndani akatoka na madaftari manne. Yalikuwa yamejaa hesabu za lori lile lile, zimefanywa upya, zikafutwa, zikafanywa tena.

"Nilikuwa natafuta mahali nilikosea," akasema. "Sikupata. Nikaona basi labda kichwa yangu si ya hii kazi."

Nilimsihi arudi chuoni.

"Nirudi na nini, Kamau? Hiyo maneno iliisha." Akachukua ndoo yake akaenda kwa nyanya zake.

Sina la kukufariji nalo, mwanangu, kwa sababu mimi mwenyewe sijapata la kunifariji. Ninachoweza ni kukuambia hivi. Ukipokea kazi ya mwenzako, muulize ameipangaje kabla hujaiunganisha na yako. Akikuuliza, keti naye mwangalie pamoja. Usiridhike na barabara iliyonyooka. Na ukiona lawama inamwangukia asiyestahili, sema hapo hapo, hata kama utapoteza kila kitu. Mimi nilimpelekea Njeri ukweli mtupu, na haukumfaa kitu, maana alikuwa ameshaacha kujiamini.

Mungu akupe wenzako wanaouliza kama yeye. Akupe na mdomo wa kusema mapema, usije ukazeeka na kimya kama changu.