Chumvi ya Wageni

Mwezi uliopita basi liliharibika Mikumi, nikaingia hotelini kutafuta chai. Karibu na mlango palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa baharini, na mhudumu alikuwa akiwaongezea maji kwa jagi. Nikamwuliza ni maji gani.

"Ya kawaida tu, mzee. Maji yanakauka, chumvi inabaki."

Alisema kama jambo ambalo kila mtu analijua. Chai yangu ilipoa mezani.

Njoo nikupeleke Kilosa, kwenye shamba la mkonge, miaka ile ya Ujamaa. Baba alikuwa mpishi wa meneja, Mzungu aliyefuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni. Maji yao yalikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, ndani ya mapipa. Shamba lilipochukuliwa na serikali, meneja akafunga mizigo. Samaki hakuweza kuwabeba. Akamwomba baba awatunze mpaka sekondari ya mjini ifunguliwe, mwalimu wa sayansi aje kuwachukua. Baba akampa mkono, na mkono wa baba ulikuwa kiapo.

Wanaume wanne walilibeba tangi mpaka kwetu, polepole, kama wamebeba jeneza. Walikuwa samaki watano, watatu wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na wawili wa buluu. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu ili wapate pumzi. Bado naisikia sauti ile ikipishana na mchi wa mama, na upepo ukileta harufu chungu ya makapi ya mkonge. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi aliyezoea kuja kuomba moto, alimtania baba kwamba mpishi amekosa kazi sasa anafuga kitoweo.

Baba aliniagiza neno moja: maji yakipungua, niongeze ya mvua. Lakini bibi naye alikuwa na neno lake, kwamba mgeni hashibi cha mwenyeji peke yake, mtafutie na cha kwao. Niliwatazama wale wageni wa bahari nikawaonea huruma. Kila nilipoongeza maji ya mvua, nilitia na konzi ya chumvi kutoka kwenye kibuyu cha mama.

Samaki mmoja wa buluu akafa. Nikazidisha chumvi.

Siku hizo chumvi ilikuwa adimu dukani. Mama aliona kibuyu kinashuka, akakisia mkono wa jirani. Hakumgombeza. Aliacha tu kuitikia hodi yake, na siku moja kisimani akasema, kila mtu akisikia, kwamba wengine huomba moto wakaondoka na chumvi. Nilikuwepo, nimeshika ndoo. Nikajitwika, nikashika njia ya nyumbani.

Mwalimu alipofika na ndoo zake, alikuta amebaki mmoja wa chungwa, amelala ubavu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika bila kunitazama. Alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Nani alikuwa anaongeza maji, mzee?"

Baba aliniangalia kidogo, kisha akajibu yeye.

"Mimi, mwalimu."

Samaki yule hakufika mjini. Baada ya mwalimu kuondoka, baba alikaa muda mrefu akifuta kioo kwa kanga kuukuu, kisha akasema taratibu, "Mama yako asijue chumvi ilikokwenda."

Nilidhani ananihurumia, na huenda ndivyo. Wiki hiyo hiyo lori likatuchukua kwenda kijiji kipya, na jirani akapelekwa kingine. Alipopanda lori lake na mikeka yake, mama hakutoka kumuaga. Nami nilisimama mlangoni na maneno yangu mdomoni.

Tangu hapo nimehama miji mingi. Zile nyumba zilivunjwa, mama na baba wametangulia, na kila ninapofika mahali pageni naangalia nyuso za kina mama watu wazima. Sijui hata kama jirani yule yu hai. Popote alipo, mama yangu alikwenda kaburini akimhesabu mwizi wa chumvi.