Nyumba ya Pwani Kule Igurwa

Nyumba tuliyokulia Igurwa, bara mbali na bahari, haikufanana na nyingine yoyote pale kijijini. Ilikuwa na veranda ndefu yenye matao matatu na kuta nene kupita kiasi, na kila mwaka baba aliipaka chokaa, ikang'aa katikati ya migomba. Babu alikuwa ametoka Burundi. Baba naye, katika ujana wake, alikwenda Tanga kukata mkonge, na mkonge ulipomshinda akapata kibarua cha kubeba chokaa kwenye ukarabati wa jumba la zamani la Wajerumani, katika mji mmoja wa pwani. Aliporudi akajenga. Majirani walimtania kwamba veranda yake inangoja bahari.

Miaka mitatu baada ya kumzika baba, mwalimu mwenzangu aliolewa katika mji huohuo wa pwani, nikaenda harusini. Kesho yake niliulizia jumba la Wajerumani, nikaelekezwa.

Matao yalikuwa saba, si matatu. Hata hivyo nilisimama nikajiona niko kwetu, narudi kutoka kuchota maji. Kivulini aliketi mlinzi, mzee wa makamo aliyevaa kikoi.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Pamefungwa, sakafu ya juu ni mbovu."

Nikamwambia baba yangu alibeba chokaa hapa. Akanitazama kidogo, kisha akainuka na funguo.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya popo. Sikuuliza njia. Miguu ilikata kushoto yenyewe, ikavuka kizingiti kirefu, ikanifikisha kwenye chumba ambacho kwetu ni cha wazazi. Na pale chini, usawa wa goti, palikuwa na kidirisha. Kwetu kipo kama hicho. Mama alikiziba kwa gunia la kahawa nikiwa bado mdogo, maana kilituletea baridi ya alfajiri. Hakuna aliyejua kiliwekwa kwa nini, na baba akiulizwa alicheka tu.

"Hapo vibarua walikuwa wakilala mchana, jua likizidi," mlinzi akasema. "Nilikuta wazee wakisimulia. Lala uone."

Nikatandika khanga, nikajilaza. Upepo wa bahari ukanipitia usoni, laini, wenye chumvi, kama mtu ananipepea bila haraka. Nikafumba macho. Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia majani yakicheza nje, na kwa kitambo sikujua kama ni ya minazi au ya migomba yetu. Mlinzi hakuniamsha.

Nilipotoka nikampigia mama simu, nikamweleza habari ya kidirisha.

"Kumbe baba yako alikuwa anatafuta upepo," akasema. "Mimi miaka yote nilidhani alikosea vipimo."

Kisha akauliza watu wa huko wanakula nini. Nikamwambia wali kwa samaki. Akanihurumia kwa kukosa ndizi, akaniambia nisichelewe kurudi, mvua imeshaanza na mbegu za maharage ameziandaa.