Simu Tatu Ndani ya Sufuria

Nikisimulia hili huwa natazama sakafu, maana mpaka leo pale mtaani Karama, huku kwa Waarabu tunakofanya kazi, kwenye chumba chetu cha watu sita, mtu akishika sufuria tu wenzangu wanaangua kicheko.

Safari niliipanga mimi. Tulikodi gari-nyumba, lile lenye vitanda na jiko ndani, tukaenda milimani watatu wa kikundi chetu cha wasomaji: mimi; Musa, mlinzi Mganda aliyetuendesha; na Wanjiru wa mapokezi ya hoteli moja kule Al Barsha. Wanjiru alishapewa barua moja ya onyo kwa kuchelewa. Ya pili ingekuwa tiketi ya kurudi Kenya. "Saa kumi jioni niwe kazini," aliniambia, nami nikamwapia.

Musa alitaka tuegeshe juu, kwenye changarawe. Mimi nikachagua chini, ndani ya wadi, bonde kavu la mto, kwa sababu mchanga wake ulikuwa mweupe kama ukurasa usioandikwa (ndivyo nilivyosema, tena kwa sauti). Kisha nikakusanya simu zote nikazitia kwenye sufuria, nikafunika, ili wanisikilize nikisoma sura ya kwanza ya riwaya yangu. Sura yenyewe ilihusu mvua.

Nikasoma, sufuria ikaanza kunguruma, simu zote kwa mpigo.

"Ssebo, bwana, sufuria inalia," Musa akasema.

"Sanaa haikatizwi," nikamjibu, nikapaza sauti.

Kule juu mzee wa Kiarabu aliyekuja na familia yake akawa anapunga mikono akituhimiza tutoke bondeni: "Yalla! Yalla! Wadi!" (nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa nikidhani ananishangilia).

Maji yakaja, ya kahawia, yenye mawe. Musa akaliondoa gari, turubai la kivuli likiwa bado limetandazwa ubavuni, tukapanda kilima tukiburuta viti na busati mbele ya ile familia iliyokuwa ikiturekodi, mimi mlangoni nimekumbatia sufuria. Muswada ulikwenda na maji.

Tulipofunua tukakuta maonyo mawili ya dhoruba, na ujumbe kutoka kwa msimamizi wa Wanjiru: "Mvua inakuja, njoo mapema." Barabara ilikuwa imeshazama. Wanjiru alifika kazini kesho yake asubuhi, baada ya kunisukumia kalamu.

"Haya, mwandishi. Barua ya kuniombea msamaha. Na usiniwekee mawingu humo!"

Nikaandika ukurasa mmoja mkavu: wadi, sufuria, ujinga wangu. Msimamizi aliusoma wote, akacheka mpaka akavua miwani, akamrudisha Wanjiru mezani pake. Ndiyo kazi yangu pekee iliyowahi kusomwa mpaka mwisho.

Siku hizi nikialikwa safari naangalia hali ya hewa kwanza, naegesha juu, nasoma kimoyomoyo, na sufuria naisongea ugali tu.